Tazama Pindo Kabla ya Kubonyeza

(Hotuba mbele ya vijana wapiga picha, Mji wa Kale, Mombasa)

Assalaam alaikum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nyinyi mliojibanza kule mlangoni mkipanga kutoroka kabla ya maswali, nimewaona. Sogeeni, sogeeni. Mada yetu ni mpangilio wa picha, na mpangilio huanzia pale mtu anaposimama.

Mimi riziki yangu ni picha za harusi. Zaidi ni usiku wa kupamba, shughuli ya wanawake watupu, ambako mpiga picha wa kiume haingii na simu za wageni huachwa mlangoni. Kazi hiyo imenifunza jambo moja, na yote nitakayosema leo yatalizunguka hilo: picha nyingi haziharibiki katikati. Huharibikia pembeni.

Kamera za siku hizi zimetupunguzia taabu. Wazee hapa wanakumbuka filamu ya picha 36. Ukimaliza umemaliza, na huoni ulichopiga mpaka isafishwe. Ilibidi upime mwanga, uzungushe lenzi mpaka uso ukae sawa. Leo simu inautafuta uso yenyewe na kupima mwanga yenyewe, wewe kazi yako kubonyeza. Lakini simu haijui nini kisiingie. Hilo limebaki kwako, na ndiyo kazi yenyewe.

Mama zetu jambo hili wanalijua kwenye kanga. Kanga ina mji, ina pindo, ina jina. Mji ni pale katikati, penye ua kubwa au korosho. Pindo ni ule ukingo unaouzunguka pande zote nne. Mwanamke akienda Mtaa wa Biashara kununua doti, hauangalii mji akaridhika. Ataikunjua, atazungusha macho kwenye pindo, aone kama chapa imekaa sawa au imekwenda upande. Pindo likienda upande, muuzaji asifu mji mpaka Magharibi, kanga hainunuliwi. Wapiga picha wengi tunatazama mji tu. Tunaona uso, tunabonyeza.

Kwa hivyo zoezi la kwanza, na mkisahau mengine yote hili lishikeni: kabla ya kubonyeza, zungusha jicho kwenye pindo la picha. Juu, kulia, chini, kushoto. Ni sekunde mbili.

Tuingie ukumbini nikuonyesheni. Bi harusi ameketi jukwaani. Dhahabu kifuani, hina mpaka viwikoni, asumini kichwani, nyuma yake pazia la satini na taa za kila rangi. Mpiga picha macho yote kwa bi harusi. Lakini kamera haina upendeleo, inaona vyote: swichi nyeupe ya umeme juu tu ya bega la kushoto, waya wa spika unaokatiza mbele ya jukwaa, chupa ya maji ambayo somo, yule mlezi wa bi harusi, ameiacha miguuni pa mwari wake, na kwenye ukingo wa kulia, nusu ya mkono wa mtoto anayedai biskuti. Usiku ule hakuna aliyeviona. Albamu ikifunguliwa sebuleni, shangazi wa kwanza kuishika atauliza: hii chupa ni ya nani?

Dawa zake ni nyepesi. Songa hatua moja kushoto, swichi inapotelea nyuma ya taji. Inama kidogo, waya unatoka kwenye fremu. Mtoto mpe biskuti yake. Na ile chupa, nenda ukaiondoe kwa mkono wako. Wasaidizi wangu wapya hushangaa nikiwaambia hili la mwisho. Wanadhani mpangilio wa picha ni hesabu za kwenye skrini. Kuondoa chupa ni mpangilio wa picha.

Kwa nini chupa ndogo inashinda dhahabu yote ile? Kwa sababu jicho la binadamu lina tabia zake na halimwombi mtu ruhusa. Hukimbilia penye mwanga zaidi. Hukimbilia uso, na kwenye uso hukimbilia macho. Hukimbilia maandishi, kwani anayejua kusoma hawezi kuyaona maneno asiyasome. Hukimbilia rangi kali iliyo peke yake, nyekundu hasa. Chupa ile inamulikwa na taa, ina lebo, lebo ina maandishi. Utaishindaje? Sasa tokeni nje mkampige picha mzee wa kahawa na dele lake la shaba, lakini nyuma yake mwache bango la kijani la M-Pesa. Mtazamaji atalisoma bango kwanza, mzee atamfikia baadaye. Mji wetu umejaa maandishi, tuktuk zinapita zimeandikwa mpaka mgongoni. Usipochagua ukuta wa nyuma, ukuta utakuchagulia cha kuonekana.

Hata wakubwa wa kazi hii pindo liliwasumbua. Mwaka 1932 Mfaransa Henri Cartier-Bresson alikuwa nyuma ya stesheni ya treni ya Saint-Lazare, Paris. Palikuwa na ua wa mbao, akaipenyeza kamera kwenye mwanya. Akamnasa mtu anaruka dimbwi, kisigino hakijagusa maji, na taswira yake imejichora chini yake. Picha ile imezunguka dunia nzima. Lakini ukiitazama negativu yake, upande wa kushoto umezibwa na ubao wa ule ua. Na huyu ni mtu aliyejulikana kwa kukataa katakata picha zake kupunguzwa kwa kukatwa kingo. Ile aliipunguza.

Haya. Sasa kanuni ya theluthi, maana najua ndiyo mliyoijia. Washeni gridi kwenye simu zenu. Iko kwenye mipangilio ya kamera. Mtaona mistari miwili ya wima na miwili ya kulala, fremu imegawanyika vyumba tisa. Mnaambiwa mweke kitu chenu pale mistari inapokutana, na mstari wa bahari uweke kwenye theluthi ya juu au ya chini, usiupitishe katikati.

Kanuni hii ni kongwe kuliko kamera. Mwingereza mmoja, John Thomas Smith, mchoraji, ndiye aliyeiandika kwa jina hilo mwaka 1797, akizungumzia michoro ya mandhari ya mashambani: nchi ichukue theluthi, mbingu theluthi mbili, na kadhalika. Picha ya kamera ilitangazwa kwa umma Paris mwaka 1839, zaidi ya miaka 40 baadaye. Nawaambia haya ili mjue ilikotoka: ni ushauri wa mchoraji kwa wachoraji, kwamba nusu kwa nusu inachosha jicho kwa sababu hakuna upande unaoshinda. Sheria ya maumbile siyo.

Ina faida, sikatai. Nendeni Bandari ya Kale mkapige mashua inayotoka. Ukiiweka katikati imekwama. Ukiiweka theluthi ya kushoto na omo yake, yaani sehemu yake ya mbele, ikitazama kulia, ina bahari mbele yake ya kuendea. Mtu naye ni hivyo hivyo: anakotazama mwachie nafasi. Ukimbana uso kwenye ukingo anaoutazama, mtazamaji anahisi dhiki bila kujua sababu. Wakati mwingine dhiki ndiyo unayoitaka, basi mbane. Na kabla ya theluthi, jamani, nyosheni bahari. Kila siku naona picha za ufuo wa Nyali ambazo bahari imelala upande, ungedhani maji yatamwagikia Kongowea.

Lakini theluthi si ya kila mahali. Simameni mbele ya mlango wa nakshi, mojawapo ya milango yetu hapa. Una mbao mbili, na katikati mfaa, ule ubao mwembamba wa wima, umesimama na nakshi zake. Fundi aliyeuchonga aliugawa sawa kwa sawa makusudi. Huo ndio uzuri wake. Ukija na theluthi zako umemharibia fundi kazi. Hapo simama katikati kabisa, mfaa uwe katikati ya fremu yako, simu iwe kimo cha katikati ya mlango na isiinamishwe wala kuinuliwa, ili pande mbili zilingane. Ukikosea nusu hatua inaonekana, kwa hivyo usikosee nusu hatua. Kosa hatua tatu, piga mlango kwa ubavu, hapo kila mtu ataelewa ulikusudia.

Hilo la kuinua simu lina madhara kwa majumba pia. Nyumba za Ndia Kuu zina roshani juu, na barabara ni nyembamba, huwezi kurudi nyuma. Ukiinua simu kutafuta roshani, kuta zinaegemea ndani na jengo linaonekana linaanguka chali. Ama panda ghorofa ya nyumba ya ng'ambo, ukikubaliwa, ama ridhika na kipande kimoja cha roshani. Kipande kilichokaa sawa ni bora kuliko jengo zima linalopepesuka.

Mistari mingine iacheni iwafanyie kazi. Kichochoro chenyewe ni mistari miwili ya kuta inayolipeleka jicho mbele. Muhimu ni kuwe na kitu mwisho wake. Kichochoro kisicho na mtu, paka, wala mkokoteni kinamfikisha mtazamaji mahali patupu. Na Ngome ya Yesu vilevile. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wageni huupiga ukuta ule wakarudi kwao na picha ya ukuta, ambao unaweza kuwa wa mita mbili au wa mita ishirini, hakuna ajuaye. Subiri mtu apite chini yake. Mtu mmoja, mdogo, kwenye pembe ya fremu, na ukuta unapata kimo chake.

Sasa niseme la umbali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nyuso za watu zinapodhulumiwa.

Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, kwa kipimo cha filamu ya zamani ni kama milimita 24 hadi 26. Ili uso uijaze fremu kwa lenzi hiyo inakubidi umsogelee mtu mno. Tufanye hesabu. Tuseme pua iko sentimita 40 kutoka kwenye simu, na masikio yako sentimita 12 nyuma ya pua, yaani sentimita 52. Kadiri kitu kilivyo karibu ndivyo kinavyochorwa kikubwa, kwa hivyo pua inakuzwa asilimia 30 kuliko masikio. Sasa rudi nyuma mpaka mita mbili. Pua iko sentimita 200, masikio 212. Tofauti imeshuka hadi asilimia 6. Pua ile ile, mtu yule yule. Ndiyo maana selfi zinawafanya watu wachukie pua zao bure.

Mtasikia watu wakisema lenzi pana inaharibu sura. Inayoharibu ni miguu yako, umesimama karibu mno. Rudi nyuma, kisha tumia lenzi ya pili ya simu ile ya kuvuta, ile ya mara mbili au mara tatu, au piga kwa upana halafu ukate. Bi harusi simpigi kwa chini ya mita mbili, isipokuwa mikono na hina. Na ukimkata mtu kwenye fremu usimkatie kwenye kiungo: magoti, viwiko, vifundo vya miguu. Mkate mapajani au kiunoni, jicho litakubali. Ukimkata vidole ungedhani kapata ajali.

Mwanga. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua letu halina mzaha. Saa 6 mchana liko karibu juu ya utosi, na karibu tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini hasa. Kivuli kinaingia machoni, kofia yenye ukingo mpana inamfunika mtu uso mpaka kidevuni. Wakati huo mwingize mtu barazani, chini ya kibaraza au mlangoni, mwanga wa barabara umrudie usoni. Kuta zetu nyeupe zinarudisha mwanga vizuri kuliko kifaa chochote cha dukani.

Halafu kuna suala la jua kuzama baharini. Kila mwezi napata bwana harusi anayetaka picha jioni, ufuoni Nyali, jua linazama majini nyuma yake. Bwanangu, bahari yetu iko mashariki. Jua hapa linatoka baharini asubuhi, na jioni linazama upande wa bara. Mkitaka jua na bahari pamoja, amkeni kabla ya saa 12 asubuhi. Mkitaka jioni, vukeni daraja la Nyali mwende English Point, mgeuke kuutazama Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Jua litashukia nyuma ya nyumba na minara, na sura za mji zitajichora nyeusi. Lakini msichelewe. Huku kwetu jua linashuka wima, na likishazama giza halikawii, ni kama dakika 20 na kidogo. Kule Ulaya wakati wa kiangazi wana saa nzima za kujivuta. Sisi hatuna.

Katika kiza hicho cha jioni umbo ndilo linalosema, si uso. Cartier-Bresson niliyemtaja alisimulia kwamba picha iliyomwasha hamu ya kupiga picha ni ya Martin Munkácsi, Mhungaria, ya mwaka 1930 hivi, inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika: wavulana watatu wa Kiafrika wametupa mgongo wanakimbilia mawimbi, miili myeusi juu ya povu jeupe. Hatuoni hata jicho moja, na hakuna anayeuliza kama wana furaha. Vijana wetu wanaojirusha baharini mnawapiga kila siku, lakini mmoja kamezwa na mwenzake, mguu wa huyu unatoka kwenye kichwa cha yule. Chagua jukwaa kwanza. Tafuta pale ambapo nyuma ni maji matupu au mbingu tupu, tengeneza fremu, tazama pindo, halafu tulia. Wao watakuja. Anayewakimbiza na simu atapata migongo.

Na msidhani haya ni mambo ya Paris tu. Studio ya N. V. Parekh ilikuwa hapa hapa Mombasa tangu miaka ya 1940, na watu waliingia mle wakatoka wanafanana na wacheza sinema: bega limegeuzwa, kidevu kimeinuliwa, taa imewekwa upande mmoja. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyekata picha kwa mkono na kuzibandika upya mpaka uso ukakaa pale alipotaka yeye. Na wapiga picha wa kivuko cha Likoni, wenye vile vibanda vyao vya mapazia ya kuchorwa, maua ya plastiki na karatasi za kumetameta. Wasomi walikuja kutoka Ulaya kuwaandikia vitabu, sisi tulikuwa tunawapita tukikimbilia feri. Wale walijua kuwa nyuma ya mtu ni nusu ya picha, wakaijenga kwa mbao na rangi. Waliopo wazee wao, waulizeni wangali hai.

Nimalizie na adabu, kwa kifupi kwa sababu mmelelewa. Mji wa Kale ni nyumba za watu. Mlango ukiwa wazi, huo ni ukumbi wa mtu, si mandhari. Piga hodi, omba, ukikataliwa sema ahsante. Mwanamke akijifunika uso kwa mtandio amekwisha kukujibu. Katiba yetu ya 2010 inalinda faragha ya mtu, lakini mimi naona jirani anatosha. Tena mtu aliyekubali hukaa tofauti na mtu aliyeibiwa picha; mabega yanashuka. Hilo linaonekana kwenye picha kuliko theluthi yoyote.

Sasa kazi. Mtatoka wawili wawili, mmoja apige, mwenziwe amkumbushe pindo. Kundi la huku mwende Ndia Kuu, kundi la kule Bandari ya Kale. Gridi iwe imewashwa. Pigeni mtakavyo, lakini kila mtu ataniletea picha moja, moja tu, bila vichujio, na atatuambia mbele ya wenzake alitoa nini kwenye fremu. Asiyekuwa na alichotoa arudi akapige tena. Kivukoni msiende na simu juu, askari watawazuia na mimi siji kuwatoa. Jua tunalo mpaka kama saa 12 na nusu. Tukutane hapa baada ya Magharibi, na maswali yenu tutayachukua hapo.